Kizuri Hakijiuzi Kisipoonekana: Dhima ya Maandishi katika Kunadi Biashara za Mtandaoni

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna maandishi yanavyotumika kunadi biashara zinazoendeshwa kwa njia ya intaneti, kwa kuzingatia hasa matini za Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba pale mnunuzi anapokosa fursa ya kuona, kugusa, kunusa au kuonja bidhaa, maandishi huacha kuwa pambo la biashara na kuwa sehemu ya bidhaa yenyewe. Kwa sababu hiyo, matini inayouza kwa muda mrefu ni ile inayomfaa msomaji hata asiponunua. Inaonyeshwa kwamba mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na mfano wa uuzaji wa namna hii katika jina la kanga, ilhali matini nyingi za Kiswahili mtandaoni leo zinaendeleza rejesta ya mnada katika mazingira ambamo mnada hauwezi kukamilisha kazi yake. Makala inahitimisha kwa kubainisha nafasi ya wanaisimu wa Kiswahili katika suala hili.

1.0 Utangulizi

Waswahili wana semi mbili kuhusu biashara ambazo zinaelekea kupingana. Ya kwanza ni methali kongwe isemayo: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili ni kauli ya mitaani inayosikika siku hizi kila pembe: Biashara ni matangazo. Wa kwanza anashuku kila anayepiga kelele juu ya bidhaa yake. Wa pili anamcheka anayekaa kimya akingoja wateja wamwone.

Hata hivyo, ukinzani huo unapungua pindi muktadha wa kila kauli unapozingatiwa. Methali ya kwanza imejengwa juu ya dhana isiyotamkwa, yaani kwamba mnunuzi yupo mbele ya bidhaa. Embe hujiuza kwa rangi na harufu yake, kitambaa kwa uzito wake mkononi, na samaki kwa macho na mashavu yake. Uzuri wa kitu ni ushahidi unaojitosheleza kwa sababu milango ya fahamu ya mnunuzi inaufikia. Katika biashara ya mtandaoni dhana hiyo haipo. Picha huonyesha sura, lakini haionyeshi uzito, harufu, ladha, kipimo halisi wala uimara. Kizuri kisichoweza kuonekana hakiwezi kujiuza. Ni sharti kisemewe.

Swali linalojitokeza basi si kama bidhaa ya mtandaoni inahitaji maneno, bali ni maneno ya namna gani. Suala hili halijapewa uzito unaostahili katika taaluma ya Kiswahili, ambamo lugha ya matangazo imezoeleka kuchambuliwa kama sanaa ya ushawishi: tamathali zake, vina vyake na mbinu zake za kuvuta hisia. Makala hii inachukua mkabala tofauti. Inayatazama maandishi ya biashara kama chombo cha kupeleka maarifa kutoka kwa anayejua bidhaa kwenda kwa asiyeijua, na inauliza ni kwa kiasi gani Kiswahili kinatumika kufanya kazi hiyo.

2.0 Usuli: Uuzaji kwa Maandishi kabla ya Intaneti

2.1 Jina la kanga

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni kanga. Vazi hili lilienea katika mwambao wa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na hapo mwanzo lilikuwa na nakshi bila maneno. Kuongezwa kwa maandishi, yaani jina la kanga, mara nyingi huhusishwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye kanga zake zilitambulika kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Majina ya awali yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na baadaye hati ya Kirumi ikachukua nafasi.

Uchambuzi mwingi wa kanga umejikita katika ujumbe: mafumbo, vijembe, dua na nasaha. Kwa mintarafu ya makala hii, jambo la kuangaliwa ni la kibiashara. Jina la kanga halisifu kitambaa. Haliseni pamba ni safi, rangi haichuji wala bei ni nafuu. Linampa mnunuzi kitu anachokihitaji kwa shughuli zake mwenyewe: neno la kumwambia jirani, mume, mkwe au mama bila kufungua kinywa. Wanunuzi wawili wanaweza kutazama kanga mbili zenye pamba ileile na nakshi zinazokaribiana, na kilichoamua wanunue ipi kikawa ni jina. Maandishi hapa si tangazo lililobandikwa juu ya bidhaa, bali ni sehemu ya thamani ya bidhaa.

Isitoshe, jina la kanga humfikia hata asiyenunua. Anayelisoma mgongoni mwa mpita njia analichukua na kulitumia katika mazungumzo, na kwa kufanya hivyo analitangaza bila malipo. Tabia hizi mbili, yaani kumfaa msomaji kwanza na kusambaa kwa sababu ya kufaa, ndizo zinazotafutwa na wauzaji wa mtandaoni wa leo.

2.2 Majarida na vitabu vya wafanyabiashara

Kanuni hiyohiyo ilijitokeza katika biashara za Marekani na Ulaya, kwa njia nyingine. Mwaka 1895 kampuni ya Deere, watengenezaji wa majembe ya kukokotwa na zana nyingine za kilimo, ilianza kuchapisha jarida liitwalo The Furrow, ambalo lingali linatolewa hadi leo. Liliwapa wakulima maarifa ya kilimo. Mkulima angeweza kulisoma na kunufaika bila kununua jembe lolote. Mwaka 1900 kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa kitabu cha mwongozo kwa madereva wa Ufaransa, kikionyesha mahali pa kupata mafuta, mafundi na malazi. Kitabu kilitolewa bure hadi mwaka 1920 kilipoanza kuuzwa. Hesabu ya Michelin ilikuwa rahisi: mwenye gari akijua aendako atasafiri zaidi, na anayesafiri zaidi humaliza matairi.

Katika matangazo ya kawaida nako mawazo yalikuwa yakibadilika. Mwaka 1904, mjini Chicago, John E. Kennedy alimweleza Albert Lasker kwamba tangazo si habari ya kuwepo kwa bidhaa tu, bali ni uuzaji kwa njia ya chapa. Kwa maneno mengine, matini iliyochapwa inapaswa kufanya kazi ambayo muuzaji hodari angeifanya ana kwa ana: kueleza, kujibu pingamizi na kutoa sababu. Ufafanuzi huo, ambao wakati ule ulikuwa sitiari, umekuwa maelezo halisi ya hali ya sasa, kwani katika maduka mengi ya mtandaoni hakuna muuzaji mwingine isipokuwa matini.

3.0 Misingi ya Kinadharia

Dhana mbili, moja kutoka uchumi na nyingine kutoka isimu, zinasaidia kueleza kwa nini matini ina uzito huo.

Dhana ya kwanza ni ya George Akerlof, aliyoieleza mwaka 1970 kwa mfano wa soko la magari yaliyokwisha kutumika. Muuzaji anajua kama gari lake ni zima au bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha, hukataa kulipa bei ya gari zima, akihofia kuuziwa bovu. Matokeo yake ni kwamba mwenye gari zima huona hasara na kujiondoa sokoni, na soko likabaki na mabovu. Hasara, basi, haimpati mnunuzi peke yake. Humwangukia pia muuzaji mwaminifu asiye na njia ya kuuonyesha uaminifu wake.

Hali hii inajitokeza wazi katika biashara ya mtandaoni ya Afrika Mashariki. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, imekuwa rahisi mtu wa Mbeya kumlipa muuzaji wa Kariakoo asiyemjua, kwa simu, katika muda wa dakika moja. Njia ya fedha imekuwa fupi kuliko njia ya imani. Anayetuma fedha kabla ya kupokea mzigo huchukua hatari yote mwenyewe, na hofu ya matapeli humfanya amtilie shaka hata mwenye bidhaa njema.

Dhana ya pili ni Kanuni ya Ushirikiano iliyopendekezwa na mwanafalsafa H. P. Grice katika andiko lake la mwaka 1975. Grice anadai kwamba wazungumzaji huelewana kwa kuchukulia kuwa kila mmoja anazingatia masharti manne: kutoa habari kwa kiasi kinachohitajika, kusema ukweli anaoweza kuuthibitisha, kusema yanayohusika, na kusema kwa uwazi. Sharti linapovunjwa, msikilizaji hutafuta maana iliyofichika. Hili ndilo jambo muhimu kwa matini za biashara. Muuzaji anaponyamaza kuhusu bei, kipimo au asili ya bidhaa, ukimya wake hausomwi kuwa ni ukimya tu. Msomaji hujiuliza kwa nini hakusema, na mara nyingi hujipatia jibu baya kuliko ukweli wenyewe.

4.0 Rejesta ya Mnada na Rejesta ya Maelezo

4.1 Ulinganisho wa matini mbili

Matini mbili zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata ruwaza zinazofahamika kwa yeyote anayefuatilia biashara za mitandaoni. Zote mbili zinahusu asali.

(1) Mzigo mpya umeingia! Asali orijino kabisa, tamu balaa, haina mpinzani. Wahi sasa kabla haijaisha. Bei poa, njoo inboksi. Mikoani tunatuma.

(2) Asali ya nyuki wakubwa kutoka misitu ya miombo, Tabora. Imerinwa mwezi wa Julai, imechujwa kwa kitambaa, haijachemshwa. Wakati wa baridi huweza kuganda. Hiyo ni tabia ya asali wala si dalili ya kutiwa sukari. Ukitaka iyeyuke, simamisha chupa katika maji ya uvuguvugu, usiiweke motoni. Chupa ya lita moja shilingi 15,000. Nauli ya basi hulipwa na mpokeaji.

Matini (1) ina sifa bainifu za mnada: sentensi fupi za mshangao, vitenzi vya kuamuru, vivumishi vya kutukuza na msisitizo wa haraka. Haina kosa la kisarufi wala upungufu wa ladha. Ni Kiswahili hai na chenye mdundo wake. Katika gulio matini hii ingefanya kazi yake barabara. Mnadi huita ili mnunuzi asogee, na akisha kusogea, jicho na ulimi wake hukamilisha yaliyobaki. Mnada hauhitaji kutoa habari kwa kuwa bidhaa yenyewe ipo pale kuzitoa.

Tatizo ni kwamba mtandaoni mnunuzi anapoitikia mwito na kusogea, hakuna cha kuonja. Sifa kama tamu balaa na haina mpinzani haziwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na kila muuzaji anaweza kuzitumia kwa gharama ileile: mwenye asali safi na mwenye maji ya sukari huandika maneno yaleyale. Kwa istilahi za Akerlof, matini (1) haimtenganishi mwaminifu na tapeli.

Matini (2) haina kivumishi hata kimoja cha kutukuza. Kila dai lililomo linaweza kuulizwa na kuchunguzwa: mahali, mwezi, njia ya kuchuja, bei. Lakini sehemu yake yenye nguvu zaidi ni ile inayohusu kuganda. Wanunuzi wengi huamini kwamba asali inayoganda imechakachuliwa. Ukweli ni kwamba asali nyingi huganda kwa sababu ya glukosi iliyomo, haraka au polepole kutegemea maua yaliyotembelewa na nyuki na baridi ya mahali ilipohifadhiwa. Muuzaji wa matini (2) ametaja jambo ambalo lingeweza kuonekana kuwa dosari, akalieleza kabla halijaulizwa. Msomaji ambaye hatanunua asali hii leo ameondoka na maarifa yatakayomfaa kwa asali yoyote, na amejua pia ni nani aliyempa maarifa hayo.

Haisemwi hapa kwamba matini ya maelezo haiwezi kudanganya. Tapeli naye anaweza kuandika Tabora na Julai. Tofauti ni kwamba uongo wa matini (2) ni uongo wenye gharama: unaweza kugunduliwa, na ukigunduliwa utakuwa umeandikwa. Anayetoa maelezo mahususi hujitia rehani kwa maneno yake.

4.2 Suala la bei

Hakuna kipengele kinachoonyesha mgongano wa rejesta hizi mbili kuliko bei. Kauli ya njoo inboksi imekuwa kibwagizo cha biashara za mitandaoni, na huwaudhi wanunuzi wengi. Hata hivyo, si haki kuifasiri kama ujanja mtupu. Katika masoko ya Waswahili bei ni mazungumzo. Hutanguliwa na salamu, hufuatiwa na kupatana, na huzingatia idadi inayochukuliwa na mazoea yaliyopo. Muuzaji anayemwita mnunuzi pembeni anajaribu kuyahifadhi mazungumzo hayo, na wakati huohuo anakwepa washindani wanaochungulia bei zake.

Pamoja na hayo, kinachohama kutoka sokoni kwenda mtandaoni si mazungumzo yote. Sokoni mnunuzi husikia bei aliyotajiwa aliyemtangulia, na huweza kuvuka hatua mbili akaulize kwa jirani. Pembeni, peke yake, hana kipimo, naye huhofia kutajiwa bei kwa kuangaliwa jina au picha yake. Kwa kufuata Grice, ukimya juu ya bei huzaa maana: ama ni ghali mno, ama inabadilika kwa kila mtu.

Kisa cha kampuni moja ya Marekani kinatoa funzo katika suala hili. River Pools, wajenzi wa mabwawa ya kuogelea katika jimbo la Virginia, waliyumba vibaya kufuatia msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008. Mmoja wa wamiliki wake, Marcus Sheridan, aliamua kuandika kwenye tovuti ya kampuni majibu ya maswali yote aliyokuwa akiulizwa na wateja, likiwemo lile ambalo wenzake katika biashara hiyo walilikwepa: bwawa la fibaglasi hugharimu kiasi gani? Hakutaja bei moja, kwani kazi hiyo haina bei moja. Alieleza mambo yanayoipandisha na kuishusha, na mipaka ambamo hucheza. Kwa maelezo yake, makala hiyo fupi peke yake ilileta mauzo ya zaidi ya dola milioni moja katika miaka michache, na kampuni ikaokoka. Aliandika pia kuhusu kasoro za mabwawa ya aina anayoyauza.

Funzo kwa muuzaji wa Kiswahili si kwamba aache kupatana. Anaweza kutaja bei ya kuanzia, akaeleza kinachoibadilisha, yaani idadi, ukubwa, umbali na malighafi, kisha akaacha mlango wa mazungumzo wazi. Anayeingia inboksi baada ya kusoma hayo huja kupatana, si kupeleleza.

4.3 Sauti za wanunuzi

Aina nyingine ya maandishi ni ile isiyoandikwa na muuzaji. Amazon, iliyofungua duka lake la vitabu mtandaoni mwaka 1995, iliwaruhusu wasomaji kuandika maoni yao kuhusu vitabu, yakiwemo ya kukashifu. Baadhi ya wachapishaji walilalamika kwamba duka linajiharibia biashara. Ilivyotokea ni kinyume: maoni mabaya ndiyo yaliyoyapa yale mazuri uzito. Sifa mahali ambapo lawama haziruhusiwi haina thamani.

Kwa upande mwingine, mafanikio hayo yamezaa soko la maoni ya kughushi, kiasi kwamba mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilipitisha kanuni ya kuyapiga marufuku. Katika mitandao ya Kiswahili, picha za mazungumzo na wateja wanaoshukuru hubandikwa kama ushahidi, lakini nazo ni rahisi kutungwa. Shukrani yenye uzito ni ile inayotaja jambo mahususi: mzigo ulichukua siku ngapi, kipimo kilipishana wapi, na muuzaji alifanya nini mambo yalipokwenda kombo.

5.0 Neno Sanifu na Neno la Mtaani

Matini njema isiyofikiwa ni sawa na duka lililofungwa. Wanunuzi wengi huanza kwa kuandika maneno machache katika mtambo wa kutafutia kama Google, nao mtambo huwaletea kurasa zinazoelekea kujibu walichouliza. Jambo hili linaleta swali ambalo ni la kiisimu moja kwa moja: mnunuzi ataandika neno gani?

Kwa miongo kadhaa taasisi za Kiswahili zimeunda na kusanifisha istilahi, na kwa bidhaa nyingi sasa kuna neno sanifu na neno la mtaani. Kamusi zina jokofu, lakini dukani huulizwa friji. Zipo runinga na televisheni, rununu na simu ya mkononi, nepi na pampasi, hili la mwisho likiwa jina la chapa moja lililogeuka kuwa jina la bidhaa zote za aina yake. Muuzaji atakayeandika jokofu pekee atakuwa amesema sawa, lakini hatapatikana na wengi. Atakayeandika friji pekee atampoteza anayetafuta kwa lugha ya shule. Suluhisho la kimatini si kurundika visawe, bali ni kuvitumia mahali pake: neno la mtaani katika kichwa cha habari na sanifu katika maelezo, au kinyume chake kulingana na hadhira.

Kurundika maneno kuliwahi kuwa hila ya wengi. Wapo walioandika makala maelfu yasiyo na kitu, yakirudiarudia maneno yanayotafutwa ili yapandishwe juu na mtambo. Mnamo Februari 2011 Google ilibadili mfumo wake ili kuzishusha kurasa za namna hiyo. Tangu mwisho wa mwaka 2022, zilipoenea programu zenye uwezo wa kuandika matini ndefu kwa muda mfupi, zikiwemo za Kiswahili, wingi wa maneno umekuwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote. Kwa sababu hiyo thamani ya maneno ya jumla imeshuka, na thamani ya habari ambazo muuzaji pekee anazijua imepanda. Programu inaweza kuandika kwamba asali ni chakula bora. Haiwezi kujua kwamba mwaka huu mvua zilichelewa na mizinga ya kijiji fulani ikatoa kidogo.

Pana pia suala la mahali matini inapowekwa. Tangazo lililobandikwa kwenye statasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, na picha ya mtandaoni huzikwa na nyingine ndani ya siku chache. Muuzaji hulazimika kunadi upya kila asubuhi, kama mchuuzi anayezunguka mitaa. Maelezo yaliyoandikwa vizuri na kuwekwa mahali pa kudumu huendelea kujibu swali lilelile kwa miaka, hata usiku muuzaji akiwa amelala. Hayo ndiyo yanayoyatofautisha maandishi na sauti ya mnadi.

6.0 Maandishi, Sheria na Haki ya Kuelewa

Wajibu wa kueleza si suala la busara ya kibiashara pekee. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji wa kwenye intaneti ampe mnunuzi taarifa za msingi kabla ya makubaliano kufungwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamwekea muuzaji wajibu wa kujitambulisha na kueleza anachouza. Matini (1), licha ya uchangamfu wake, haitaji muuzaji, kipimo wala bei.

Hata hivyo, sheria hutaka taarifa zitolewe. Haiwezi kuzifanya zieleweke. Hapa ndipo lugha inapobeba uzito wa kijamii. Katika kurasa nyingi za biashara za Afrika Mashariki kuna mgawanyo wa kazi usiotamkwa: Kiswahili hutumika kuita, kuchangamsha na kusifu, na Kiingereza hutumika kueleza vipimo, dhamana, masharti ya kurudisha bidhaa na tahadhari za matumizi. Mnunuzi anayejua Kiswahili pekee huitwa kwa lugha yake, kisha hufungwa kwa lugha ya wengine. Anaelewa vema kwa nini anunue, lakini haelewi afanye nini kifaa kikiharibika.

Mgawanyo huu hautokani na upungufu wa lugha. Kiswahili kina historia ndefu ya nathari ya maelezo: miongozo ya kilimo, vitabu vya maarifa ya uraia, ushauri wa afya na makala za magazeti zinazofundisha hatua kwa hatua. Unatokana na mazoea ya waandishi na dhana kwamba maelezo mazito hayana wasomaji katika Kiswahili. Dhana hiyo hujithibitisha yenyewe: pasipoandikwa maelezo, hakuna anayeyatafuta, pasipo anayeyatafuta, hakuna anayeyaandika.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba methali isemayo kizuri chajiuza haijapitwa na wakati, bali imepoteza sharti lake la kwanza, yaani kuonekana kwa kizuri hicho. Katika biashara ya mtandaoni maandishi ndiyo yanayorudisha sharti hilo. Yanaporithi kelele za mnada, hayamwonyeshi mnunuzi kitu, na humweka muuzaji mwaminifu kundi moja na tapeli. Yanapoeleza asili, kipimo, bei, matumizi na hata kasoro, huigeuza bidhaa isiyoonekana kuwa inayoonekana. Jina la kanga lilishatoa kielelezo zaidi ya karne moja iliyopita: maandishi yanayouza ni yale ambayo msomaji angependa kuyachukua hata asingekuwa na fedha mkononi.

Kwa idara za Kiswahili, suala hili linafungua kazi tatu. Ya kwanza ni utafiti wa rejesta ya biashara mtandaoni kwa kutumia mkusanyiko mpana wa matini halisi, utakaoonyesha tofauti za Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi, Bukavu na kwingineko. Ya pili ni ufundishaji wa uandishi wa maelezo, yaani jinsi ya kueleza kitu kwa asiyekiona, sambamba na insha za kisanaa zilizozoeleka. Ya tatu ni kupima istilahi kwa kuangalia kama watu huziandika wanapotafuta kitu wanachokihitaji, badala ya kuishia katika kuziorodhesha. Muuzaji wa asali anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini asali yake imeganda amejipatia mteja, na amethibitisha kwamba lugha hii inaweza kumhudumia mnunuzi hata baada ya mwito wa mnadi kunyamaza.